Ngazi ya udaktari wa biashara isikatikie Kanyaruchinya

Nchini Kongo, anayetaka udaktari wa chuo kikuu katika usimamizi wa biashara hupanda ngazi ya LMD: diploma ya serikali, lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha tasnifu, yaani utafiti mpya anaoutetea mbele ya jopo la maprofesa. Masharti hayo ni magumu na ni mazuri, maana cheo cha kununua hakina heshima.

Lakini kijana wa Rutshuru aliyekimbilia Kanyaruchinya mwaka 2022, akaacha karatasi zake nyumbani, amekwama chini kabisa. Bila diploma hiyo, chuo kitamwandikishaje? Viongozi wa elimu wawarahisishie wahami kupata nakala. Vita vimewanyima mashamba. Visiwanyime na masomo.