Kelele Iko Tumboni, Si Mdomoni

Wadau, leo siasa nimeipa likizo. Nataka tuzungumzie bunduki, ila si zile za askari wala za majambazi. Nasema zile za mchezo wa easofti, zinazotumia betri na kurusha vigololi vya plastiki vyenye kipenyo cha milimita 6. Mchezo wenyewe umetokea Japani, nchi ambayo raia wa kawaida kumiliki bastola ya kweli ni kama ndoto, na ni kampuni ya huko, Tokyo Marui, iliyotoa bunduki ya umeme mwaka 1991 ikiwa na umbo la FA-MAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa. Siku hizi inachezwa Ulaya, Marekani na sehemu nyingi za Asia. Watu wazima na akili zao wanavaa magwanda, wanaingia porini Jumamosi, wanapigana vita visivyoua, jioni wanarudi nyumbani kula.

Sina ugomvi nao. Kila mtu na starehe yake, na sisi tunaokaa saa mbili kubishana kuhusu Simba na Yanga hatuna haki ya kumcheka mtu. Ugomvi wangu ni na kile kidude cheusi, kirefu kama tochi, ambacho mchezaji akiambiwa bunduki yake ina kelele anakimbilia kukinunua na kukifunga mdomoni mwa mtutu. Kiwambo cha kuzuia sauti, kama kwenye sinema. Anatoa hela, anafunga, anapiga, na kelele iko pale pale.

Hebu tufikiri pamoja. Sailensa ya pikipiki inafanya nini? Ndani ya injini kuna mlipuko, hewa ya moto inatoka kwa nguvu, na sailensa inaichelewesha na kuipooza kabla haijafika nje. Ndiyo maana kijana wa bodaboda akiitoboa, mtaa mzima unaamka. Kiwambo cha bunduki ya kweli kinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, kwa sababu baruti imeungua na gesi inataka kutoka. Sasa bunduki ya betri ina baruti gani? Ina hewa kidogo tu ya kwenye silinda. Na kigololi chake hakikaribii kasi ya sauti, kwa hiyo hata ule mlio mkali wa risasi inayopasua anga haupo.

Kelele iko wapi basi? Iko tumboni. Ndani kuna giaboksi. Mota inazungusha gia tatu zinazofuatana, gia ya mwisho inaivuta pistoni nyuma huku springi ikijikunja, halafu meno ya gia yanaisha, pistoni inaachiwa na inaruka mbele kugonga kichwa cha silinda. Ko! Hayo yanatokea zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja. Unasikia mlio wa gia zinazosagana, unasikia pistoni ikigonga, na mwisho kabisa unasikia kale ka-pumzi kanakotoka mdomoni. Kidude chako cheusi, kama kina sponji ndani, kinapunguza hako ka-pumzi. Nakipa haki yake. Lakini ni sawa na mtu mwenye jenereta linalounguruma uani ambaye anakwenda kufunga dirisha la mbele.

Dawa ni kufungua, na hapa ndipo ninapowaheshimu mafundi wa mchezo huu, hasa wale wanaokaa usiku kucha na bisibisi na kikombe cha kahawa. Kazi ya kwanza ni washa. Kila gia imekaa kwenye ekseli yake, na kati ya gia na ukuta wa giaboksi unaweka washa nyembamba kama karatasi, za unene wa milimita 0.1, 0.2, 0.3, mpaka gia izunguke kwa uhuru bila kuyumba. Ukilegeza, gia zinacheza na kugongana. Ukibana, mota inachoka, betri inakwisha haraka na joto linapanda. Wenye uzoefu wanaanza na ile gia inayokutana na mota, wakishaipata hiyo ndipo wanazipanga nyingine mbili kuifuata. Hakuna fomula. Unaweka, unazungusha kwa kidole, unatoa, unaweka tena. Baada ya hapo kuna skrubu chini ya mpini inayopandisha na kushusha mota. Unaizungusha robo kwa robo huku umetega sikio, kama fundi redio wa zamani anayetafuta stesheni.

Halafu pistoni. Kwenye kichwa cha silinda unabandika kipande cha mpira laini, ule wa aina inayomeza mtikisiko. Mlio wa "ko" unageuka kuwa "tu". Mpira huo una faida nyingine, kwamba unairudisha pistoni nyuma kidogo ili jino lake la kwanza likutane vizuri na jino la gia badala ya kuparuzana. Ila ukiweka mnene kupita kiasi umeharibu tena, maana jino litakosa mahali pake.

Na hewa isivuje. Hili wengi hawalijui. Oringi ya pistoni ikishika vizuri, hewa iliyobanwa mbele inakuwa kama godoro, pistoni inapunguziwa mwendo kabla haijafika mwisho. Ikivuja, inagonga kavu kavu, na wakati huo huo nguvu ya kigololi inapungua. Yaani una kelele zaidi na nguvu kidogo, hasara mbili kwa bei ya moja. Kupima ni rahisi: ziba nozeli kwa kidole, isukume pistoni kwa mkono, uone kama inakataa. Grisi kwenye meno, mafuta ya silikoni kwenye silinda, kazi imekwisha.

Kitu kingine ni springi. Wachezaji wengi wanapenda springi ngumu kwa sababu wanataka sifa, na springi ngumu ndiyo inayoipiga pistoni kwa nguvu zaidi. Sheria ya Japani ya mwaka 2006 imeweka kikomo cha juli 0.98 kwa bunduki hizi. Kwa kigololi cha gramu 0.2, hiyo ni kama mita 99 kwa sekunde. Wajapani wanacheza chini ya hapo na hawalalamiki.

Utaniuliza, kwa nini mtu ahangaike na ukimya kwenye mchezo? Sababu ipo, tena ya hesabu tu. Adui yako yuko umbali wa mita 30. Sauti inamfikia kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kigololi, hata kama hewa isingekipunguza mwendo, kinahitaji sekunde 0.3. Maana yake anakusikia kabla hujampiga, na mwenye masikio mazuri anaweza kuwa ameshaanza kujikunja nyuma ya mti. Ndiyo, ukimya ni faida halali kabisa, nami naiunga mkono.

Kisichonifurahisha ni kwamba kile kidude hakileti ukimya, kinaleta sura. Kinaifanya bunduki ya plastiki ionekane kama silaha ya muuaji. Na sura jamani si jambo la mchezo. Tarehe 22 Novemba 2014, huko Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12 anayeitwa Tamir Rice alikuwa kwenye bustani na bastola ya easofti. Tangu 1989 sheria ya nchi hiyo inataka bunduki za bandia ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni, lakini kwenye ile yake alama haikuwepo. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda ni ya bandia. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, ndani ya sekunde 2 hivi mtoto alikuwa ameshapigwa risasi. Akafariki siku iliyofuata. Askari hawakushtakiwa, na mwaka 2016 mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 6.

Lawama ya kwanza hapo naipeleka kwa polisi, sitaki nieleweke vibaya. Sekunde 2 hazitoshi hata kusema "weka chini". Lakini mtengenezaji anayeuza urembo wa kutisha na kuuita kifaa cha kupunguza kelele naye asikae pembeni kama hayamhusu. Waingereza kwa sheria yao ya 2006 walikaza: asiye mchezaji anayetambulika, au mwenye sababu nyingine iliyotajwa na sheria, huuziwa ile iliyopakwa rangi kali inayoonekana ya mchezo hata kwa mbali. Kwetu sisi "bastola ya bandia" ni maneno ya kurasa za uhalifu, na kila mwandishi aliyewahi kufuatilia habari za polisi anajua kwamba anayeelekezewa mtutu usiku haulizi ndani kuna betri au baruti.

Kwa hiyo ndugu yangu mchezaji, popote ulipo, Dubai, Toronto au London, pesa ya kile kidude nunua washa, oringi na kopo la grisi, chenji itabaki. Na kabla hujafungua giaboksi toa betri, vaa miwani ya kukinga macho, na ushikilie ile springi kwa kidole gumba wakati unafungua kifuniko, maana ikiruka utaitafuta chini ya kabati mpaka asubuhi.