Soma kwa Kiswahili: kiungo kinasema nini hasa?

Leo nina hoja ndogo, lakini inanikera kweli.

Machi 2016 jarida la Jalada, lililoanzishwa na waandishi vijana papa hapa Nairobi, lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ. Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, kisha wengine wakaitia katika lugha zao. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na lugha zaidi ya 30: Kiswahili, Kijaluo, Kikamba, Kigiriama, hata Sheng yetu ya huku Eastlands! Baadaye zikapita 100.

Sasa chukua makala ya namna hiyo uiweke kwenye mfumo wa majarida ya kitaaluma. Wengi hutumia JATS, aina ya XML iliyofanywa kiwango rasmi na NISO mwaka 2012. Ndani yake ikisiri iliyotafsiriwa ina alama yake, trans-abstract, na lugha yake huandikwa kwa xml:lang. Hapo hakuna shida. Shida huanza tafsiri inapokuwa makala kamili iliyoko kwingine, nasi tuna kiungo tu cha kuifikia.

Watu huweka xml:lang="sw" kwenye kiungo wakidhani wamemaliza kazi. La hasha. Sifa hiyo inaeleza lugha ya maneno yaliyo ndani ya kiungo chenyewe. Haisemi lolote kuhusu kule kinakoelekea. Kwenye HTML mambo haya mawili yalitenganishwa tangu HTML 4 ya mwaka 1997:

<a href="..." lang="en" hreflang="sw">Swahili translation</a>

Maneno ni ya Kiingereza, ukurasa ni wa Kiswahili. Programu ya kuwasomea wasioona inahitaji lile la kwanza ili ichague sauti. Anayetafuta makala za Kiswahili anahitaji la pili. Na mwanafunzi anayehesabu bando lake anastahili kujua lugha kabla hajabofya, si baadaye.

Nimewahi kuandika programu ya kukusanya makala za majarida kadhaa (siyataji). Nilipochuja kwa lugha ya Kiswahili, nilipata sifuri. Tafsiri zilikuwepo, nilizisoma kwa macho yangu, ila kwa mashine zote zilikuwa Kiingereza kwa sababu zilirithi lugha ya makala iliyoziunganisha.

Kuna wanaosema mashine itabahatisha lugha yenyewe. Sawa, lakini ni lazima kwanza ifungue kila ukurasa, na ikikutana na Sheng sijui itasema nini. Mimi ningeandika sw-x-sheng. Kanuni za misimbo ya lugha zinaturuhusu kujibunia kilicho baada ya x. Najua wapo watakaonipigia kelele kwamba Sheng si Kiswahili. Mimi naishi Kariokor, mtaa ambao jina lake ni Carrier Corps ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyopitia midomoni mwetu (Dar es Salaam wakaifanya Kariakoo), kwa hiyo maneno kubadilika hayanitishi.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi: mwelekeo. Ukiambia mashine tu kwamba kurasa hizi mbili ni tafsiri, moja en na nyingine ki, wengi watadhani Kiingereza ndicho asili. Kwa hadithi ya Ngũgĩ, mtu aliyetetea uandishi wa Kikuyu kwa miongo mingi hadi alipofariki Mei 2025, huo ungekuwa uongo mtupu. Kiungo kiseme lugha, na kiseme pia ipi imetoka kwa ipi. Tena kiwe pande zote mbili: Google, kwa mfano, hupuuza hreflang ikiwa ukurasa wa pili haurudishi kiungo kwa wa kwanza.

Wahariri, mfasiri anapowaletea kazi, muulizeni msimbo wa lugha yake siku hiyo hiyo, kwenye fomu ile ile anayojaza jina lake. Yeye anaujua. Fundi wa tovuti atakayekuja miaka mitatu baadaye hataujua.