Funguo tatu hazikutosha

Juma lililopita tuliwaahidi kuandika juu ya kuloweka mihogo. Tutaandika juma lijalo. Leo sisi wa komite tunataka kusema kosa letu wenyewe, kwa sababu linazungumzwa sokoni na ni afadhali mlisikie kutoka kwetu.

Mnajua sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Ndivyo AVEC nyingi zinavyofanya. Njia hii ilianzia Niger mwaka wa 1991. Ndani mna akiba ya kila mmoja, na pembeni mfuko wa msaada. Mfuko huo tulikubaliana wote: ni kwa ugonjwa, kuzaa na msiba tu.

Kisha ikaja arusi. Mwenzetu alikuwa anaoza binti, na wote tulitamani kuingia tumevaa kikwembe kimoja. Feza za akiba zilikuwa zimekwenda zote kwenye mikopo. Mmoja wetu akasema: « Tukope kidogo kwenye mfuko wa msaada, tutarudisha mwisho wa mwezi. »

Hapo mtusikilize vizuri. Hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alijua si haki. Wa kwanza anasema alileta ufunguo akiomba moyoni wenzake wakatae. Wa pili anasema hivyo hivyo. Wa tatu alicheka, asionekane mwoga. Kufuli zote zikafunguka kwa dakika moja. Kufuli humzuia mwizi. Haiwazuii watu watatu wanaotamani kitu kimoja siku moja.

Siku ya arusi tulipendeza, picha zipo. Siku 11 baadaye mama mmoja wa kundi letu akazaa kwa kupasuliwa. Yeye mzima, mtoto mzima, lakini deni lilibaki, na mnajua wenyewe: asiyelipa haruhusiwi kutoka. Mume wake alikuja jioni na karatasi ya deni mkononi. Tulifungua sanduku mbele yake. Alitazama ndani, kisha akatazama kikwembe tulichovaa. Hakusema neno. Mke wake alikaa siku 9 zaidi, akilala chini kwenye mkeka na mtoto, kwa maana kitanda kilipewa mwingine, mpaka tulipomaliza kuchanga.

Wengine wanatuuliza: « Hamkujua? » Tulijua. Hata Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Barua kwa Warumi, anakiri vita hivi vya ndani. Sisi ni nani tujidai kuwa na nguvu zaidi? Tulichojifunza ni kwamba mtu asiungoje moyo wake uwe hodari saa ile kitu kinapong'aa mbele ya macho. Aamue mapema, wakati moyo umetulia, na uamuzi auweke mbali na mkono wake.

Nyumbani ni vilevile. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado tunalipa. Feza ya shule iliyofungwa kwenye pindo la kikwembe haifiki Septemba. Inapita karibu na viatu, inapita karibu na shemeji mwenye shida. Siku ya mgao, shule ikikubali, ipeleke moja kwa moja kabla haijalala nyumbani.

Kwa sanduku tumeamua hivi. Kwa ugonjwa, kuzaa na msiba, litafunguliwa hata usiku. Kwa jambo lingine lolote, hakuna kujibu siku ileile. Lingoje mkutano, wote wasikie. Ufunguo mmoja utashikwa na mama wa AVEC ya jirani, asiyealikwa kwenye arusi zetu. Na arusi iwe na bahasha yake, tuanze kuijaza miezi mitatu mbele.

Sisi watatu tumerudisha feza yote ya mfuko. Zile siku 9 hatuwezi kuzirudisha. Ufunguo mwingine tumemwomba mama yule aliyelala chini aushike. Alisema atajibu akipata nguvu. Hatumharakishi.

Jumatano tukutane saa nane, kila mama na kitabu chake cha akiba. Sanduku litafunguliwa mbele ya wote, na hesabu itasomwa kwa sauti.