Mgeni wa Jiji Apewe Lugha, Asipewe Hofu

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na hotuba moja niliyoitoa kila Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne walipokwisha mitihani yao na kufunga masanduku. Shule yetu ilikuwa mkoani Iringa, na nilijua kwamba wengi wao, kabla mwaka haujageuka, wangekuwa wamepanda basi la kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza maishani. Basi nikawa nawaambia: “Mkifika Dar, msimwamini mtu. Msimuulize mtu njia. Tembeeni kama wenyeji, hata kama hamjui mnakokwenda.” Walicheka, nami nilifurahi kuona wamecheka. Nilidhani nimewapa silaha.

Leo naandika kuifuta hotuba hiyo. Naifuta mbele yenu, wapenzi wa lugha na ushairi, kwa sababu naona kosa langu lilikuwa kosa la lugha kabla halijawa kosa la malezi.

Aliyenifumbua macho ni mmoja wa wanafunzi hao hao. Alikuwa kijana msikivu, wa wale wanaoandika hata mzaha wa mwalimu kwenye daftari. Aliambiwa na wazazi wake kwamba shangazi yake anakaa Mbezi, na kwamba akiteremka Ubungo apande daladala ya Mbezi. Akafika Ubungo magharibi inaingia, simu imekwisha chaji. Akasikia mpiga debe akilitaja jina la Mbezi, akaingia garini, akakaa kimya kama mwenyeji. Kumbe Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Iko Mbezi Luisi, kando ya barabara ya Morogoro, na iko Mbezi Beach, upande wa bahari, kwenye barabara ya Bagamoyo. Shangazi yu Mbezi ya kwanza. Kijana akashuka Mbezi ya pili.

Alitembea na begi lake hadi saa tano usiku. Alipita mbele ya maduka, mbele ya mama lishe waliokuwa wakiosha masufuria, mbele ya vijana wa kijiweni, asimuulize hata mmoja. Mwisho akakaa barazani pa duka lililofungwa. Mlinzi wa duka, mzee wa makamo, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia: “Kijana, umekaa mlangoni pangu saa nzima, hata salamu huna?” Hapo ndipo kijana alipofungua kinywa, na hapo ndipo usiku wake ulipopata mwisho. Mzee alimpa nusu ya kanga aliyojifunika na kikombe cha chai, na alfajiri akamweleza habari ya Mbezi mbili, akampandisha gari mwenyewe. Shangazi alikuwa hajalala. Alikuwa amekwisha kuzunguka vituo viwili vya polisi.

Kijana alinisimulia hayo miaka mitatu baadaye, alipokuja shuleni kuchukua cheti chake. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwalimu, nilifuata ulivyotufundisha.” Sijapata kuadhibiwa kwa maneno mapole kiasi hicho.

Nilipobaki peke yangu nilikumbuka safari yangu ya kwanza. Ilikuwa mwaka 1981, nami ni mwanachuo wa ualimu. Nilipanda treni ya TAZARA pale Makambako kwenda kumtembelea mjomba aliyekuwa kuli bandarini na mpangaji wa chumba kimoja Magomeni Mapipa. Sikuwa na simu, wala ramani. Nilikuwa na karatasi yenye jina la mjomba na jina la mtaa. Nje ya stesheni nilimwona mzee muuza kahawa, na birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaniitikia, “Marahaba, mwanangu. Umetoka bara?” Alijua kabla sijasema. Akaniambia basi la UDA la kupanda, mahali pa kubadilisha gari Kariakoo, na jambo la kumwambia kondakta. Nilifika kwa mjomba kabla ya adhuhuri. Sasa mtu aliyefika kwa mjomba wake kwa sababu ya shikamoo moja, alipata wapi ujasiri wa kuwaambia watoto wa wenzake wasimsalimu mtu?

Wapo watakaonijibu kwamba Dar ya 1981 si Dar ya leo, na kwamba matapeli wamezidi. Sibishi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu zaidi ya milioni 5.3, na katika umati wa namna hiyo hawakosi watu wa kila tabia. Yuko atakayenyakua simu kwenye dirisha la gari, yuko atakayejitia kuwa ndugu yako wa mbali, yuko atakayekuuzia sabuni ndani ya boksi la redio. Lakini tuangalie tapeli anavyofanya kazi yake. Huja yeye kwako. Huanza yeye kuzungumza. Humtafuta aliye kimya, anayepepesa macho, anayejifanya anajua na miguu yake inasema hajui. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kuku huyo hawezi kujipaka masizi akawa mweusi. Kujifanya mwenyeji humzidishia weupe.

Kwa hiyo kanuni ninayoitoa sasa ni hii: muulize uliyemchagua wewe, usimfuate aliyekuchagua yeye. Mchague mtu mwenye kazi yake mahali pale, ambaye kesho na keshokutwa atakuwa papo hapo: fundi viatu, muuza magazeti, mama lishe, mwenye genge la mboga, mwenye duka. Mtu wa namna hiyo ana jina mtaani na hana sababu ya kuliharibu kwa ajili ya begi lako. Kisha muulize na wa pili, umbali wa hatua chache. Majibu mawili yakilingana, nenda.

Na hapo sanaa ya kuuliza inahusu lugha, ndiyo maana nimeileta kwenu. Mgeni anayeanza na “Eti, Posta wapi?” amekwisha kujipunguzia nusu ya jibu. Anayeanza na “Shikamoo” kwa mkubwa, au “Habari za saa hizi” kwa rika lake, kisha “samahani”, kisha jina kamili la anakokwenda, huwa amemfanya mwenzake kuwa mwenyeji, na mwenyeji ana wajibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hii ni nusu dakika ya maneno, nayo hufanya kazi ambayo ramani ya simu haifanyi: ramani haiwezi kukwambia kwamba njia ile hupitika mchana tu.

Nimesema jina kamili, na hili lina uzito wake. Majina ya vituo vya Dar es Salaam ni utenzi unaojiandika wenyewe: Magomeni Mapipa, Mwembechai, Mbagala Rangi Tatu, Ubungo Maziwa, Tabata Relini, Kwa Aziz Ali. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, lililopita katika kinywa cha Mswahili likatoka limevaa kanzu. Daladala nayo imetokana na “dala”, yaani shilingi tano iliyokuwa nauli yake zamani. Mpenzi wa lugha atayasikia majina haya kwa raha, ila mgeni ayasikie kwa makini. Kusema “Kimara” hakutoshi. Iko Kimara Mwisho, iko Kimara Suka, iko Kimara Temboni. Kusema “Tabata” hakutoshi. Na kusema “Mbezi”, mmekwisha kuona. Mwenyeji anayemwelekeza mgeni kwa nusu jina ana sehemu yake katika kupotea kwake. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani huishia Mbezi Luisi badala ya Ubungo, hivyo mkanganyiko huu unaweza kuanza hatua ya kwanza tu mgeni anapokanyaga ardhi ya jiji.

Mgeni afundishwe pia Kiswahili cha garini. Konda hutangaza kwa swali: “Mapipa wapo?” Anayeshuka hujibu “Wapo!” au “Shusha!” Asipojibu mtu, gari haisimami. Nimewaona wageni wenye elimu ya chuo wakipitishwa vituo vitatu kwa sababu hawakujua kwamba lile lilikuwa swali, na kwamba waliulizwa wao. Afundishwe kupatana bei ya bodaboda au bajaji kabla hajapanda, kwa kuwa baada ya kufika neno lake halina bei tena. Afundishwe kusema “nipunguzie” kwa uso mkunjufu Kariakoo, maana kupatana ni mazungumzo, na anayenuna hupunguziwa kidogo. Nauli yake aiweke mbali na akiba yake, asije akafungua kibindo mbele ya umati. Na anayesoma tiketi iliyoandikwa 06:00 akumbuke kwamba kwa saa zetu hiyo ni saa kumi na mbili alfajiri. Wapo waliofika saa sita mchana wakakuta basi limekwisha kuvuka Morogoro.

Haya ni mafunzo ya nusu saa. Nilikuwa na nusu saa hiyo kila Novemba, nikaitumia kuchekesha.

Lipo neno jingine linalonikera: “mshamba”. Asili yake ni mtu wa shamba, mkulima, yule anayelisha jiji. Tumeligeuza kuwa tusi, na vijana wetu hulihofu kuliko wanavyomhofu mwizi. Kwa kulihofu huficha lafudhi zao, huacha kuamkia wakubwa, hukaa kimya garini. Tazameni ajabu ya jambo hili. Jiji ambalo Sultani Majid alianza kulijenga katika miaka ya 1860 pale Mzizima, akalipa jina lenye salama ndani yake, limejazwa na watu wa kuja kutoka kila pembe: Wazaramo waliokuwapo, kisha wengine wote tuliofuata kwa meli, kwa reli na kwa basi. Ukimchimba anayemwita mwenzake mshamba, utamkuta babu yake alishuka na kitita kichwani na kuuliza njia.

Nasi watunzi hatujasalimika. Mashairi mengi niliyoyasahihisha darasani, na machache niliyoyatunga mwenyewe, yanalichora jiji kama mlaghai mwenye marashi, na mgeni kama ndege anayeelekea ulimboni. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini imerudiwa hadi imekuwa kasumba. Na si kwamba tumekosa mfano wa kufuata. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 alimwachia mwongozo wa kuishi na watu. Shaaban Robert aliwaandikia watoto wake tenzi za mawaidha, Hati na Adili, nazo zimewasaidia wengi wasio wanawe. Ushairi wetu tangu zamani ulikuwa mkono wa mzazi begani mwa msafiri. Kwa nini basi msafiri wa leo, mwenye begi la plastiki na simu iliyokwisha chaji, tusimpe zaidi ya onyo?

Sidai kuwa na kalamu ya mabingwa hao. Ila baada ya kustaafu nimetunga ubeti mmoja, nao ndio ninaowapa vijana wa jirani wanaokuja kuniaga:

Mwanangu wenda mjini, nakupa neno hifadhi,
Ukipotea njiani, usiogope kuudhi,
Salimu walo gengeni, uliza kwa njema hadhi,
Ulimi ndio ramani, uutumie kwa radhi.

Najua atakuwapo atakayesema kwamba siku moja mmoja wa vijana hao atamuuliza mtu mbaya. Inawezekana, na sitasema kwamba haliniumizi kulifikiria. Lakini nimekwisha kuona matokeo ya shauri jingine. Nimeona mtoto akipita mbele ya watu arobaini ambao thelathini na tisa kati yao wangemsaidia, akalala barazani kwa kumwogopa mmoja. Na nimejua kwamba aliyemtoa barazani alikuwa mlinzi wa usiku asiye na hotuba, aliyedai salamu yake.

Nimejaribu kumtafuta mzee yule nimshukuru. Duka limevunjwa, pamejengwa ghorofa, na niliowauliza hawamjui. Lakini nilipokuwa nikiuliza, mama mmoja muuza maandazi alinivutia kigoda, akanipa maji, akaniuliza nimetoka wapi. Nilimwambia nimetoka Iringa. Akasema, “Karibu sana, baba. Unamtafuta nani?”