Rubabu: mtaji hulala ardhini miaka miwili

Wanaouliza kama rubabu inalipa, ile mboga ya vikonyo vichachu vinavyopikwa na sukari, watazame hesabu za Yorkshire, Uingereza. Huko mche hukaa shambani miaka miwili bila kuvunwa, ukiweka akiba mizizini. Ukishapigwa na baridi kali hung'olewa na kuhamishiwa kwenye banda la giza lenye joto. Vikonyo huchipua laini na vyekundu, huvunwa kwa mwanga wa mishumaa, na mche uliochoka hutupwa.

Jina la rubabu hiyo linalindwa kisheria tangu 2010, na bei yake huipita ya shambani. Mbona basi wakulima, waliozidi 200 kabla ya 1939, leo hawafiki 20? Baada ya vita soko lilishuka, matunda ya kutoka nje yalipoingia. Kinachowakwamisha leo ni mtaji uliolala, gharama ya kupasha joto mabanda, na baridi inayochelewa kuja.

Bustani ya nyumbani haidai mabanda, ila subira ni ileile. Mwaka wa kwanza usivune. Wa pili chukua vichache. Vuta kikonyo ukikizungusha, usikate, na uache angalau nusu. Majani yana sumu, hata mbuzi asipewe. Mwenye shamba la joto la pwani asinunue miche.