Kigari cha Mtoto Safarini

Hivi karibuni nilimsindikiza dada yangu hadi uwanja wa ndege wa Bujumbura. Alikuwa akimfuata mumewe nchini Ubelgiji pamoja na watoto wake wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine wa miezi kumi. Alichukua kigari kipana chenye magurudumu makubwa, alichotunzwa na wifi zake siku ya arobaini ya mtoto. Karani wa mizigo alikitazama akauliza, "Hiki kinakwenda moja kwa moja?" Dada, kwa haraka za safari, akajibu kuwa ndiyo. Jibu hilo lilimponza. Kigari kilifungwa karatasi ya Brussels, kikaingizwa tumboni mwa ndege, naye akangoja saa sita Addis Ababa, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akimvuta nguo, na ilhali hata mwaka haujatimia tangu alipopasuliwa katika kujifungua.

Ndugu msomaji, swali lile lina majibu mawili. Mashirika mengi ya ndege huchukua kigari cha mtoto mchanga bila malipo, mbali na uzito wa masanduku. Waweza kukikabidhi pamoja na masanduku hayo, na hapo hutakiona tena hadi mwisho wa safari. Au waweza kuomba kifungwe karatasi ya kukabidhiwa mlangoni, ukamsukuma mtoto hadi karibu na ndege, ndipo ukikunje. Lakini kukikabidhi mlangoni si ahadi ya kurudishiwa mlangoni. Viwanja vingine hukipeleka moja kwa moja kwenye ukanda wa mizigo. Kwa hiyo taja kila uwanja utakaposhuka, na uulize: "Hapo nitakipokea wapi?" Usiondoke dirishani kabla hujajibiwa.

Kwenye ukaguzi mtoto hutolewa kigarini, nacho hukunjwa na kupitishwa katika mtambo. Jizoeze nyumbani kukikunja kwa mkono mmoja. Ukishindwa sebuleni, hutaweza mbele ya foleni ya watu.

Kigari kikubwa, kwa maoni yangu, kibaki nyumbani. Vile vyepesi twavipata kwa hisani ya Owen Maclaren, mhandisi wa Uingereza aliyepata kushughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege ya kivita Spitfire. Mwaka 1965 alibuni kigari cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo 3. Siku hizi vipo hata vinavyokunjika vikatosha katika rafu ya juu ya viti, iwapo shirika lenyewe laruhusu. Vipimo viulizwe siku ya kununua tiketi.

Na mbeleko isiachwe, hata kama una kigari cha thamani kubwa. Pale ambapo abiria hupanda ndege kwa ngazi, mama mwenye mbeleko hubaki na mikono miwili. Ila ndege inaporuka na inapotua, mashirika mengi hutaka mtoto atolewe mbelekoni na kufungwa mkanda mdogo uliounganishwa na ule wa mama. Wapo wanaonung'unika kwamba mtoto ataamka. Na aamke.

Nirudi kwa dada. Kigari kilifika Brussels kimefungwa vizuri, naye kwa uchovu hakukikunjua. Siku ya tisa shemeji alipotaka kumtembeza mtoto, gurudumu moja lilikuwa limepinda. Aliandika barua, akajibiwa kwamba amechelewa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 wataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Angalikikunjua kando ya ukanda wa mizigo, akaliona gurudumu na kuandikisha palepale kabla ya kutoka, hoja ya kuchelewa isingalikuwapo. Shemeji amelifunga kwa waya. Kinakwenda, lakini chavutia kushoto.