Kitambaa cha hedhi kianikwe juani

Katika kazi yangu ya utabibu hapa pwani ya Mtwara, mabinti na mama zetu huja wakilalamikia muwasho wa sehemu za siri. Muwasho una sababu nyingi, lakini nikiuliza vitambaa vya hedhi vinaanikwa wapi, mara nyingi hujibiwa kwa sauti ya chini: uvunguni.

Kuona haya ni katika imani. Lakini uvunguni hakuna jua, na kitambaa kisichokauka ni makazi ya fangasi. Juani hukauka upesi, na mionzi huua vijidudu vingi.

Asma bint Abu Bakr (r.a.) amesimulia kuwa mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nguo iliyoingia damu ya hedhi, naye akamfundisha namna ya kuitwaharisha, kisha aswali nayo. Ikiwa hilo liliulizwa mbele ya Mtume, vipi sisi tushindwe kufunga kamba?

Akina baba, kazi hii ni yetu. Tufunge kamba uani, ndani ya wigo wa makuti, jua linapofika. Msimu wa mvua, Disemba hadi Aprili, kitambaa kipigwe pasi mpaka kikauke kabisa. Muwasho usipokwisha, aende zahanati.

Wabillahi tawfiq.